Nusu Saa ya Jioni: Jinsi ya Kumsaidia Mtoto wa Darasa la Kwanza Hadi la Tatu Akiwa Nyumbani

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha darasa la pili, hapa Tanga, nilikuwa na mtoto aliyesoma ukurasa mzima wa kitabu bila kukosea hata neno. Nilimsifu mbele ya wenzake. Siku moja nikaweka kidole katikati ya mstari, nikamwomba anisomee neno hilo moja tu. Akanyamaza. Kisha akarudi mwanzo wa ukurasa, akaanza kukimbia na maneno kwa sauti ya wimbo, mpaka alipofika pale kidole changu kilipokuwa, akalitaja neno. Alikuwa amekariri ukurasa wote kwa kuwasikia wenzake wakiitikia. Kusoma hakujua.

Sikumlaumu, wala sikuweza kujilaumu sana. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, watoto wengi waliokuwa nyumbani waliandikishwa, jambo jema kabisa, lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Fanya hesabu mwenyewe. Darasa likiwa na watoto 100, na mwalimu akitaka kumsikiliza kila mmoja dakika tatu, anahitaji dakika 300, yaani saa tano. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Ndiyo maana watoto husoma kwa pamoja, na ndani ya sauti ya pamoja mtoto asiyejua hujificha miaka miwili bila mtu kugundua.

Nyumbani una kitu ambacho mwalimu hana: sikio moja kwa mtoto mmoja. Hilo ndilo nitakalolishikilia katika mwongozo huu wote. Huhitaji kufundisha upya yaliyofundishwa shuleni, na wala huhitaji cheti. Unahitaji kumsikiliza, kumuuliza, na kutumia vitu vilivyomo ndani ya nyumba.

Hatua ya kwanza: jua mtoto amefika wapi

Usianze na kitabu cha darasa lake. Anza na karatasi moja utakayoiandika kwa mkono, kwa herufi kubwa za kuonekana vizuri. Watafiti wa Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walipoanza kupita nyumba kwa nyumba Tanzania mwaka 2010 walitumia karatasi ya namna hii, ya kiwango cha darasa la pili, na hakuna kinachokuzuia kuandika ya kwako.

Sehemu ya juu weka silabi kumi: ma, ki, bu, so, sha, nye, kwe, mbe, dhi, ng'o. Chini yake maneno manane: meza, kuku, chura, nyanya, shamba, mbuzi, mwezi, ng'ombe. Kisha hadithi fupi, kama hii:

Asha ana mbuzi mmoja. Mbuzi huyo anaitwa Kijivu. Jana mvua ilinyesha sana. Kijivu aliogopa radi, akakata kamba, akakimbilia jikoni. Mama alimkuta amelala karibu na majivu ya moto. Asha alicheka, akamletea majani.

Akimaliza muulize maswali mawili. La kwanza jibu lake limo kwenye hadithi: kwa nini mbuzi alikata kamba? La pili jibu halikuandikwa: unadhani kwa nini alilala karibu na majivu? Mtoto anayejibu la kwanza anasoma. Anayejibu la pili anaelewa anachokisoma. Ni mambo mawili tofauti, na wazazi wengi huridhika mapema mno na lile la kwanza.

Kwa hesabu, mpe visoda 25 avihesabu. Muulize kati ya 38 na 83 ipi kubwa. Mpe 24 + 13, halafu 42 – 17.

Usiite zoezi hili mtihani, na usimsahihishe akikosea. Andika tarehe, weka alama pale alipokwama, tunza karatasi. Alipokwama ndipo pa kuanzia, hata kama yuko darasa la tatu na amekwama kwenye silabi. Mzazi akiona hivyo huona aibu na kutaka kuruka. Naomba usiruke. Silabi zikishikwa, mengine huja upesi kuliko unavyofikiri.

Hatua ya pili: tafuta wakati mmoja na uushike

Watoto wetu wana siku ndefu. Wanatoka shule, wanakula, wengi huku pwani wanakwenda madrasa alasiri, wanarudi, kuna maji ya kuchota na vyombo vya kuosha. Nusu saa inatosha, siku tano kwa wiki. Igawe hivi: dakika 15 kusoma, dakika 10 hesabu, dakika tano za mwisho vitendawili au hadithi. Nimeona nyumba zinazofanya vizuri baada ya chakula cha jioni, na nyingine alfajiri kabla ya shule. Muda wowote ni sawa ilimradi uwe ule ule kila siku, na mtoto asiwe na njaa. Mtoto mwenye njaa hajifunzi, na kumkemea hakumshibishi.

Zima televisheni nusu saa hiyo. Kama umeme hukatika mtaani kwenu, fanyeni mapema mchana ukiwa bado na mwanga, maana kusoma kwa kibatari humchosha mtoto haraka.

Hatua ya tatu: kusoma

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu mtoto asiyesoma kufika darasa la tatu hawezi kufuata sayansi, masomo mengine ya darasa hilo wala hesabu za maneno.

Kiswahili kimetupa bahati kubwa: neno husomwa kama linavyoandikwa. Mtoto akishika irabu tano na silabi zake, mlango umefunguka. Kata boksi la sabuni vipande vidogo, andika silabi moja kwenye kila kipande, na kila silabi uiandike mara mbili. Anza na kumi hizi: ka, ma, ta, ba, li, ni, ku, pa, wa, so. Mwachie azipange mwenyewe atengeneze maneno. Atapata paka, bata, wali, kuni, mali, kuku, soka, taka. Kila wiki ongeza silabi tano.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: panga maneno yasiyo na maana. Solika. Nibaku. Mtoto akiweza kusoma «nibaku» anasoma kweli, kwa sababu neno hilo hajawahi kulisikia popote akalikariri. Watoto hulipenda sana zoezi hili, nao wataanza kukutungia ya kwao.

Silabi za kawaida zikishakaa, njoo kwenye zile zinazosumbua. Ng'ombe na ngoma. Dhana na zana. Thamani na samani. Kula na kura, mahali na mahari. Andika kila jozi, zisomeni kwa sauti, kisha mwambie atunge sentensi kwa kila neno. Watoto wanaokwenda madrasa huzitamka dh, th na gh bila shida kwa sababu wamezizoea kwenye Kiarabu. Wa bara mara nyingi huzigeuza z, s na g, na huandika wanavyotamka. Kwa upande mwingine, mtoto wa madrasa huanza kuandika kutoka kulia bila kujua, na mwalimu wa shule humwona mzembe. Hana uzembe wowote, anajifunza hati mbili kwa wakati mmoja. Mchoree nyota ndogo pembeni kushoto kwa kila mstari, umwambie mstari wa Kiswahili huanzia kwenye nyota.

Anapokusomea kitabu, mwache afuatishe kidole chini ya neno. Akikwama, nyamaza. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Kama bado, mpe silabi ya kwanza, usimpe neno zima. Ukimpa neno zima kila akikwama, atajifunza kukungoja wewe.

Ukurasa ukiisha, funga kitabu, mwambie akusimulie. Usiulize tu «umeelewa?», kwa maana kila mtoto hujibu ndiyo.

Na wewe mzazi ambaye hukubahatika kusoma, usikae pembeni. Kuna njia tatu za kumpima hata bila kujua herufi. Ziba picha kwa kiganja, umwambie asome bila kuiona. Weka kidole chako kwenye neno lolote katikati ya ukurasa, asome hilo peke yake. Ya tatu ndiyo bora: tafuta kwa macho maneno mawili yanayofanana kabisa kwa umbo kwenye ukurasa ule ule, uyaonyeshe moja moja. Akiyasoma tofauti, anabahatisha. Nilimfundisha njia hii bibi mmoja aliyelea wajukuu watatu, na baada ya mwezi alikuwa ananiambia ni silabi zipi zinamsumbua mjukuu wake kabla mimi sijaziona darasani.

Vitabu vya kusoma vinapatikana zaidi ya tunavyodhani. Maktaba za mikoa zina vitabu vya watoto, na kumpeleka mtoto akachague mwenyewe ni safari ambayo hataisahau. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na African Storybook wana hadithi fupi za bure, nyingi kwa Kiswahili, zinazosomeka kwenye simu. Ukikosa vyote hivyo, fungua sanduku la kanga. Jina la kanga ni sentensi fupi iliyokamilika, imeandikwa kwa herufi kubwa tupu, na mtoto aliyezoea herufi ndogo za kitabuni anajifunza kuzitambua kubwa. Muulize maana yake, na kwa nini mtu angeinunua kanga hiyo ampe mwenzake. Utashangaa mazungumzo yatakavyokwenda mbali.

Hatua ya nne: hesabu za mikononi

Kosa ninaloliona sana ni kumkaririsha mtoto namba kabla hajazishika. Mtoto anaweza kuhesabu hadi 100 kwa wimbo na asijue kuwa 42 ni makumi manne na mbili.

Kusanyeni vijiti vya chelewa. Kila vijiti kumi vifungeni kwa mpira au uzi. Sasa mpe 42: mafungu manne na vijiti viwili. Mwambie atoe 17. Ataona viwili havitoshi kutoa saba, na bila kuambiwa atataka kufungua fungu moja. Hapo ndipo ile «kukopa» ya ubaoni inapopata maana. Amebaki na mafungu matatu na vijiti 12. Anatoa saba, zinabaki tano. Anatoa fungu moja, yanabaki mawili. Jibu 25. Afanye hivyo siku nne au tano kwa vijiti, ndipo aandike.

Sokoni, mpe kazi ya chenji. Mafungu matatu ya nyanya kwa shilingi 500 kila moja, umetoa noti ya 2,000. Muuza duka mzoefu hafanyi hesabu ya kutoa, hujumlisha kwenda mbele: 1,500, akiongeza 500 ni 2,000. Mfundishe mtoto njia hiyo hiyo. Na umwache akushikie chenji, aihesabu kabla hamjaondoka mbele ya meza.

Kama kuna mtu mzima nyumbani anayejua bao, mwombe amfundishe mtoto. Bao letu lina safu nne za mashimo manane, jumla 32. Kwenye bao la kujifunza kila shimo huwekwa kete mbili, kwa hiyo kete ni 64. Jedwali la nne na la nane limo humo humo, na mtoto anayetaka kushinda huanza kukisia kete zitaishia shimo gani kabla hajazitawanya. Hiyo ni hesabu ya hali ya juu kuliko nyingi zilizomo kwenye daftari lake. Bibi kama bado anakumbuka vipimo vya zamani naye ana somo: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Mtoto apime mchele kwa kikombe aone mwenyewe namba zinavyojirudufu.

Halafu kuna saa, ambayo huwachanganya watoto wa Kiswahili kwa sababu ya haki kabisa. Simu inaonyesha 7:00, mama anasema saa moja. Mtoto anadhani mmoja kati yenu amekosea. Mweleze kuwa sisi tunaanza kuhesabu saa tangu jua linapochomoza, na wengine wanaanza tangu usiku wa manane, tofauti ni saa sita. Kisha mchoree duara la saa kwenye kifuniko cha ndoo. Mwonyeshe kuwa namba ya Kiswahili iko upande wa pili, mkabala na pale mkono mfupi unapoelekea: mkono ukiwa kwenye 7, mkabala wake ni 1, ukiwa kwenye 9, mkabala wake ni 3, ukiwa kwenye 4, mkabala wake ni 10. Watoto wakishaliona hilo, hawasahau tena. Weka simu kwenye mfumo wa saa 12 mpaka azoee, kisha urudi kwenye saa 24.

Hatua ya tano: kuandika

Hapa sina mengi. Kunakili kutoka kitabuni kunanyoosha mwandiko, hakumfundishi mtoto kuandika. Mpe sababu ya kuandika: orodha ya vitu vya dukani, ujumbe wa simu kwa shangazi, jina la kila ndoo na kopo la jikoni. Sentensi tatu kila Ijumaa juu ya jambo lililomfurahisha wiki hiyo zinatosha. Sahihisha kosa moja tu kwa siku. Karatasi iliyojaa wino mwekundu humfundisha mtoto kuandika machache.

Hatua ya sita: macho nje ya mlango

Sayansi ya umri huu ni kutazama na kuandika ulichokiona. Weka maharage manne kwenye pamba yenye unyevu ndani ya glasi, mawili uyaweke dirishani na mawili kabatini. Mzizi hutokea baada ya siku chache. Kila siku mtoto achore anachokiona. Mche wa kabatini utarefuka ukiwa mwembamba na wa njano, na atakuuliza kwa nini. Mwulize yeye kwanza.

Jambo jingine ninalolipenda ni kivuli. Simika fimbo uani. Karibu na adhana ya adhuhuri, mtoto aweke jiwe pale ncha ya kivuli inapoishia, na arudie kila wiki. Huku kwetu, Juni kivuli cha wakati huo huelekea kusini, na Desemba huelekea kaskazini, kwa sababu jua lenyewe huhama upande mmoja wa vichwa vyetu kwenda upande wa pili. Katikati yake, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, kuna siku ambazo fimbo karibu haina kivuli kabisa. Mtoto aliyeligundua hili mwenyewe kwa mawe yake huchukua kitabu cha jiografia miaka minne baadaye akiwa tayari anajua.

Hatua ya saba: vitendawili kabla ya kulala

Zile dakika tano za mwisho usiziibe kwa ajili ya hesabu. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Yai. Kuku wangu katagia mibani. Nanasi. Ukishatega vitano, mwambie atunge chake. Kutunga kitendawili kunamtaka mtoto atazame kitu, achague sifa zake mbili, na afiche jina lake. Ni kazi ngumu ya akili, nao huifanya wakicheka.

Mambo yanayoharibu kazi yote

Fimbo ni la kwanza. Mtoto akiogopa kukosea ataficha asichokijua, na kazi yako yote ni kukiona asichokijua. La pili ni kumlinganisha na dada yake au mtoto wa jirani. La tatu ni tuisheni ya kuongezea juu ya tuisheni: mtoto wa darasa la pili anayekaa darasani tangu asubuhi na kurudi jioni kwenye chumba kingine chenye watoto 40 amepata kelele nyingine, hajapata sikio. Kama una fedha hizo, naona ni heri ununue vitabu vitano na ukae naye.

Pia mtazame. Mtoto anayesogeza kitabu puani, au anayekuomba urudie kila neno, huenda ana shida ya macho au masikio. Mpeleke hospitali akapimwe kabla hujamwita mvivu. Nilikuwa na mtoto aliyekaa nyuma mwaka mzima, ripoti zake zikisema hajitumi. Hakuona ubao.

Kupima tena na kwenda kwa mwalimu

Baada ya wiki nne, andika karatasi mpya yenye silabi, maneno na hadithi nyingine, umsikilize kama mwanzo. Weka karatasi zote mbili mbele yenu, mtoto ajionee mwenyewe alama zilivyosogea.

Nenda nayo shuleni. Usimwendee mwalimu na malalamiko, nenda na karatasi na swali moja: mwalimu, silabi zenye mb, nd na nyw bado zinamsumbua, unazifundishaje ili nami nifanye hivyo hivyo nyumbani? Nimekaa upande ule wa meza, na nakuambia mzazi anayekuja hivyo husikilizwa. Mwalimu mwenye watoto 100 hufurahi kuambiwa jambo mahususi kuhusu mmoja wao.

Kama wiki nane zimepita na mtoto bado hajashika irabu na silabi za kawaida, ingawa mmekaa kila siku, usiongeze muda wala ukali. Rudi kwenye silabi tatu tu, na zile kadi za boksi la sabuni. Mwombe mwalimu amtazame kwa karibu, na kama macho na masikio hayajapimwa, yapimwe wiki hiyo hiyo.